Kwa nini anayefika kijijini hapandi cheo, na aliyepanda cheo hafiki kijijini?

#1 BintiIsaka (Jumatatu, saa 2:10 usiku)

Habari za jioni wanajukwaa.

Nina shahada ya maendeleo ya jamii, na kwa miaka 3 nimekuwa mhamasishaji wa shirika moja lisilo la kiserikali katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Shinyanga. Kazi yangu ilikuwa kuunda vikundi vya wasichana walio nje ya shule, kukaa nao kila Jumamosi, na kuzungumza na wazazi wao kuhusu ndoa za utotoni. Nimejifunza mengi ambayo chuoni sikufundishwa. Siku ya mnada hupati mtu hata mmoja mkutanoni, na wakati wa palizi ya pamba mkutano huitishwa jioni au hauitishwi kabisa. Ukitaka kumweleza mzee wa Kisukuma kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi vilikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016, na kwamba Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2019, usianze na mahakama. Anza na ng'ombe wa mahari, kwa sababu huko ndiko hesabu yake inakoanzia, kisha mahakama mtaifikia wenyewe.

Mradi ulipofungwa, shirika lilitangaza nafasi ya afisa mradi kwa mradi mpya katika kata zilezile. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili, na nafasi akapewa kijana ambaye hajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Sina kinyongo naye. Nasikia ni mtu mwema na mchapakazi. Hata hivyo nimebaki na swali ambalo naomba mnisaidie kulijibu kwa uzito wake: je, kazi hii ya kuifikia jamii ni taaluma ambayo mtu anaweza kuijenga mpaka uzeeni, au ni kazi ya kupitia tu kabla hujapata nyingine? Nina miaka 27, na ninatakiwa kuchagua kati ya kubaki, kuomba uafisa maendeleo ya jamii wa kata kupitia Sekretarieti ya Ajira, au kurudi darasani.

#2 Kalamu ya Mradi (Jumatatu, saa 2:41 usiku)

Dada BintiIsaka, pole, na asante kwa swali.

Mimi ndiye ninayeandika taarifa katika shirika ninalofanyia kazi, na nitakueleza ninachokiona kutoka kwenye kiti hiki. Mfadhili hakioni kijiji. Anachokiona ni taarifa ya robo mwaka yenye kurasa 20 au 30, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikiwa na jedwali la viashiria, idadi ya waliofikiwa, na maelezo ya kwa nini fedha za mstari fulani hazikutumika. Taarifa hiyo ikichelewa, awamu inayofuata ya fedha inachelewa, na mishahara ya watu wote inachelewa pamoja nayo. Kwa hiyo mwajiri anapochagua afisa mradi, anajiuliza ni nani atakayemwezesha kulala usingizi tarehe 15, siku ya kukabidhi taarifa, na swali la nani anayependwa na wazazi wa kata ile linakuja baadaye sana, pengine lisije.

Sisemi kwamba ni haki. Ninachosema ni kwamba lugha ya taarifa ndiyo mlango, na wahamasishaji wengi hodari ninaowafahamu wamesimama nje ya mlango huo wakiwa na mambo mazito ya kusema. Wananisimulia kwa simu kwa Kiswahili safi, mimi nayaandika kwa Kiingereza, na mwishowe jina linaloonekana ni langu.

#3 MzeeTengeru (Jumatatu, saa 3:30 usiku)

Mwanangu BintiIsaka, hujambo.

Nilistaafu nikiwa bwana maendeleo wa wilaya. Naomba nisikubaliane na Kalamu, ingawa maneno yake yana ukweli. Lugha ni dalili tu, na ugonjwa wenyewe ni kwamba kazi hii ilihamishwa kutoka mahali penye ngazi na kupelekwa mahali pasipo na ngazi. Mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, mimi nilikuwa kijana wa kuongoza kikundi cha kusikiliza redio kijijini kwetu. Baadaye nikapelekwa kusomea maendeleo ya jamii, nikaajiriwa kwenye kata, nikapanda hadi tarafa, nikafika wilaya. Kila hatua ilikuwa na daraja la mshahara linalojulikana, na aliyekuwa juu yangu alikuwa amepita kijijini kabla yangu. Huwezi kulipata hilo mahali ambapo kila kitu kinaanza mradi unapoanza na kinakwisha mradi unapokwisha.

Nakushauri uombe serikalini.

#4 Redio ya Mbao (Jumatatu, saa 4:02 usiku)

Shikamoo Mzee Tengeru. Naomba kurekebisha mwaka kwa heshima: Mtu ni Afya ilifanyika 1973. Ile ya 1975 ilikuwa Chakula ni Uhai.

Narekebisha kwa sababu kampeni ile inatupa jibu tofauti kidogo na ulilolitoa. Mtu ni Afya ilidumu wiki 12, ikaandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na watu wapatao milioni 2 wakakaa vikundini kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Lakini wale viongozi 75,000 hawakuajiriwa. Walikuwa wakulima, walimu na vijana kama wewe, na kampeni ilipokwisha walirudi mashambani. Mzee wetu alipanda kwa sababu alipelekwa chuo. Wenzake wengi katika kijiji kilekile hawakupanda. Ngazi unayoikumbuka ilikuwepo kwa waajiriwa, na yule wa chini kabisa, ambaye ndiye aliyemfikia jirani yake, hakuwa hata kwenye kipandio cha kwanza. Kwa hiyo tatizo la BintiIsaka ni la zamani kuliko mashirika.

#5 MzeeTengeru (Jumatatu, saa 4:20 usiku)

Marahaba. Umenirekebisha vema, nilizichanganya kwa kuwa nilishiriki zote mbili. Katika hoja ya pili utakuwa umenishinda nusu. Kikundi chetu kilikuwa na watu 14, na ni mimi peke yangu niliyeondoka kwenda chuo. Nitalifikiria.

#6 Mama Wawili (Jumanne, saa 12:45 asubuhi)

Salaam kwenu nyote.

Mmezungumza lugha na ngazi, lakini hakuna aliyetaja tumbo. Nilikuwa mhamasishaji wa lishe kwa miaka 5, nikiendesha pikipiki ya mradi kilomita 60 kwa siku katika barabara za udongo. Mkataba wetu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Sheria inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mwajiri wangu aliiheshimu sheria hiyo kikamilifu. Sikukatwa hata siku moja. Kilichotokea ni kwamba mkataba ulifikia ukomo wake nikiwa bado nanyonyesha, na mkataba mpya haukuja. Hakuna aliyenifukuza, hakuna barua ya kosa, hakuna mtu wa kumlalamikia.

Katika timu yetu tulianza wanawake 9 na wanaume 4. Baada ya miaka 5 maafisa walikuwa 3, wote wanaume. Hawakuwa na Kiingereza kutuzidi. Walichokuwa nacho ni miaka 5 mfululizo isiyokatika kwenye wasifu wao. BintiIsaka, umesema una miaka 27. Hili ulipange mapema, wala usione haya kulipanga.

#7 Mshauri wa Ajira (Jumanne, saa 3:15 asubuhi)

Kwa kuwa mikataba imetajwa, naomba niweke sheria mezani, maana nimeona wengi wakiumia kwa kutokujua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10. Kwa hiyo Mama Wawili alistahili walau siku 35 za mshahara, na BintiIsaka siku 21.

#8 Redio ya Mbao (Jumanne, saa 3:50 asubuhi)

Ndugu Mshauri, naomba uisome tena sehemu hiyo hadi mwisho. Kiinua mgongo hakimhusu mfanyakazi ambaye mkataba wake umekwisha kwa kufikia muda wake, na wahamasishaji karibu wote huondoka kwa njia hiyo. Ndiyo maana Mama Wawili amesema hakukuwa na mtu wa kumlalamikia.

#9 Mshauri wa Ajira (Jumanne, saa 4:30 asubuhi)

Nakiri, na asante. Mwenye mkataba uliokatizwa katikati ndiye mwenye dai, na asisahau kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nimeshuhudia watu wakifika siku ya 45 wakiwa na ushahidi wote mkononi na mlango umefungwa. Vilevile, aliyechangia NSSF kwa miezi 18 au zaidi aulizie fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Wahamasishaji wengi hawalijui, na wengine wanagundua mwishoni kwamba walikuwa wakilipwa kama watu wa kujitolea bila michango yoyote. BintiIsaka, angalia taarifa yako ya michango leo.

#10 Sauti ya Makete (Jumanne, saa 7:05 mchana)

Nimesoma yote kwa makini, na naona tunazungumza kana kwamba mashirika ndiyo yanayoamua. Mimi nimeona yakiamuliwa.

Nilikuwa msimamizi wa WAVIU washauri katika mradi wa VVU uliofadhiliwa na Marekani, kupitia mpango wao ulioanzishwa mwaka 2003. WAVIU washauri ni watu wanaoishi na virusi wenyewe, wanaomfuata nyumbani mgonjwa aliyeacha kwenda kliniki ya tiba na matunzo, wanakaa naye, wanamsikiliza, na wanamrudisha kwenye dawa. Januari 20, 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla wiki ile haijaisha tuliambiwa tusiguse kazi. Hatukuruhusiwa hata kuwapigia simu wagonjwa tuliokuwa tukiwafuatilia. Machi 10 ikatangazwa kwamba asilimia 83 ya programu za shirika lao la misaada zimefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likafungwa.

Sasa niambieni: Kiingereza kingetusaidia nini siku ile? Waliokuwa na Kiingereza na waliokuwa hawana walirudi nyumbani kwa basi moja. Nilikuwa na daftari lenye majina 41 ya watu waliokuwa wameacha dawa, na kati yao 6 nilikuwa nimeahidi kuwatembelea wiki ile. Nilikwenda kwa nauli yangu. Wanne niliwakuta.

Maelezo yangu ni haya: huwezi kuwa na taaluma mahali ambapo mwenye kazi yuko bara jingine na hajui jina la kijiji chako. Kupanda au kutopanda cheo ni swali la pili.

#11 Kalamu ya Mradi (Jumanne, saa 7:40 mchana)

Sauti, nimekusoma mara mbili, na sina la kupinga. Nitaongeza tu kwamba baada ya Januari ile walioajiriwa tena upesi katika mkoa wetu walikuwa waandishi wa maandiko ya miradi, kwa sababu kila shirika lilihitaji mfadhili mpya kabla ya mwezi kuisha. Wahamasishaji wanasubiri andiko likubaliwe. Kwa hiyo hata kwenye msiba ule mlango ulikuwa uleule niliousema.

#12 Msafiri wa Malindi (Jumanne, saa 10:20 jioni)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Naandika kutoka Kilifi, Kenya.

Hapa kwetu serikali ilijaribu kulichukua jambo hili mikononi mwake. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa, na wakaahidiwa shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Shangazi yangu ni mmoja wao. Alikuwa akifanya kazi hiyohiyo bila malipo kwa miaka 11, akiitwa na shirika hili leo na lile kesho. Anasema kwamba heshima imeongezeka: sasa ana fulana, ana mkoba, na daktari wa zahanati anamsikiliza.

Lakini kuhusu swali la BintiIsaka, shangazi bado yuko palepale. Kutoka uhamasishaji kwenda ngazi inayofuata anahitaji cheti ambacho hana, na kukipata anahitaji karo ambayo shilingi 5,000 haziwezi kuilipa. Kwa maoni yangu, serikali ikiichukua kazi hii bila kuweka njia ya masomo ndani yake, itakuwa imebadilisha mlipaji tu.

#13 MzeeTengeru (Jumanne, saa 11:00 jioni)

Ndugu yetu wa Malindi, hata huku tumeanza. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka 5, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Nimepiga hesabu ya kitongoji chetu, nikawaona wawili hao, na nikamkumbuka Redio ya Mbao na wale 75,000 wake. Swali lako la masomo ndilo nitakalomuuliza mganga mkuu wa wilaya nikikutana naye msikitini.

#14 Redio ya Mbao (Jumanne, saa 11:25 jioni)

Mzee, usimsumbue daktari wa watu akiwa anatawadha.

Kuna jambo dogo linalonigusa katika majina. Mashirika yanamwita mtu huyu mhamasishaji, wengine mwezeshaji, wengine mwelimishaji rika, wahudumu wa afya wanaita huduma ya mkoba, na watu wa haki za wanawake wana neno lao, mraghbishi. Kuhamasisha ni kuamsha ari ya mtu, kana kwamba ilikuwa imelala. Kuraghibisha ni kumtia mtu shauku, na hapo anayetenda ni yeye mwenyewe. Na mkoba ni mfuko tu, unakwenda na kurudi. Nimejiuliza kama kazi isiyokuwa na jina moja inaweza kuwa na daraja moja la mshahara. Mhasibu ni mhasibu katika kila shirika, akihama anahama na jina lake. BintiIsaka akihama anaanza upya, kwa sababu huko aendako kazi yake inaitwa vingine na miaka yake 3 haihesabiwi.

#15 Mama Wawili (Jumanne, saa 1:10 usiku)

Hili la jina ni kweli tupu. Kwenye wasifu wangu nina vyeo 4 tofauti kwa kazi moja.

#16 Mwana wa Virunga (Jumanne, saa 3:00 usiku)

Jambo kwenu. Niko Goma, Kongo.

Ninyi mnauliza kwa nini wa kijijini hapandi. Mimi nimeona pia hatari ya upande wa pili, pale fedha zinapokuja nyingi na kwa ghafla. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliougua walikuwa zaidi ya 3,400 na waliokufa 2,287. Watu wa Beni, huko Kivu Kaskazini, walikuwa wameuawa kwa mapanga na risasi tangu 2014, na msaada walioupata ulikuwa mdogo sana. Kisha ukaja ugonjwa mmoja, na barabara zikajaa magari meupe. Wakauliza: kwa nini kifo hiki kina magari na kile hakikuwa nayo? Swali hilo lilikuwa la haki, na mhamasishaji aliyeshuka kwenye gari lile, akiwa ametoka mbali na analipwa kwa dola, hakuwa na jibu. Wengine walipigwa mawe. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, raia wa Kameruni, aliuawa hospitalini Butembo.

Waliofungua milango ya nyumba walikuwa reko, yaani watu wa mtaa wenyewe wanaofanya kazi ya kufikisha habari. Mmoja wao alinieleza kwamba siku alipopewa koti la mradi, jirani yake aliacha kumkaribisha kula. Akaliacha koti nyumbani, akakaribishwa tena. Kwa hiyo mimi nafikiri cheo chenyewe kinaweza kuiua kazi. Kinachomfanya BintiIsaka asikilizwe na mzee wa Kisukuma huenda ni hichohicho kinachomfanya asionekane na ofisi. Sijui kama vitu hivi viwili vinaweza kukaa pamoja.

#17 Sauti ya Makete (Jumanne, saa 3:35 usiku)

Mwana wa Virunga, umenigusa, lakini siwezi kukubali sehemu ya mwisho. WAVIU washauri wetu walisikilizwa kwa sababu walikuwa wagonjwa kama wale waliowatembelea, na wangelipwa mara mbili bado wangekuwa wagonjwa. Umaskini wa mhamasishaji hauwezi kuwa sharti la kuaminiwa kwake. Hoja hiyo nimeisikia ikitumiwa na watu waliokuwa wakilipwa vizuri sana.

#18 Mwana wa Virunga (Jumanne, saa 3:50 usiku)

Nimekuelewa, na nakubali kwamba inaweza kutumiwa vibaya. Sikusema asilipwe. Nimesema koti.

#19 Meneja wa Kanda (Jumatano, saa 12:10 asubuhi)

Nimekuwa nikisoma kimya, kisha nikaona si haki kunyamaza, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale wanaozungumziwa. Nilianza kama mhamasishaji wa vikundi vya kuweka na kukopa, leo nasimamia mikoa 3.

Nimewahi kuwapandisha wahamasishaji 6 kuwa maafisa. Wawili wamekuwa maafisa bora kuliko yeyote niliyemwajiri kutoka nje. Wanne waliteseka, na mimi niliteseka nao. Tatizo halikuwa Kiingereza, Kalamu, tuliwatafutia mwalimu. Tatizo lilikuwa masurufu. Afisa anachukua fedha za shughuli, anatakiwa kurejesha hesabu ndani ya muda, na kila shilingi iwe na stakabadhi. Mhamasishaji hodari anajua kwamba bibi aliyepika chakula cha kikundi hana stakabadhi wala hawezi kusaini, hivyo anamlipa kwa utu na kukosa karatasi. Mkaguzi haoni utu, anaona pengo. Mmoja wa wale wanne alilipa laki 4 kutoka mfukoni mwake, fedha ambazo najua kwa hakika kwamba hakula, na akaacha kazi. Mpaka leo sijui nilipaswa kufanya nini.

Na kuhusu nusu ya pili ya swali, kwamba aliyepanda hafiki kijijini: ni kweli. Mwaka jana nilifika kijijini mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimempeleka mgeni wa mfadhili. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa kwa ajili yangu, wakati wanakikundi wamekaa mkekani. Zamani nilikuwa nakaa mkekani. Hakuna aliyenikataza, ratiba ya vikao ndiyo iliyonipandisha kwenye kiti.

#20 Mtendaji wa Kijiji (Jumatano, saa 2:00 asubuhi)

Salaam. Naomba na kijiji kiseme, kwa kuwa kila mmoja wenu anakitaja.

Mimi hupokea wageni wa mashirika, nasaini daftari la wageni, nagonga muhuri barua ya utambulisho. Kwa mwezi naweza kupokea mashirika 3. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3, na hauna posho wala soda. Siku hizi nikiuitisha, watu wanaulizana kwanza kama ni wa kijiji au wa mradi. Fomu za mahudhurio zenu zimewafundisha wananchi kwamba kukaa na kusikiliza ni kazi yenye ujira, na mimi sina ujira wa kuwapa. Mradi ukifungwa, mnaondoka na fomu, mimi nabaki na mkutano usiojaa.

Lakini sitawaweka wote katika kapu moja. Kuna binti mmoja alikuwa akija hapa kwetu kwa kazi ya maji. Hakuja na fomu mpaka wiki ya nne. Wiki tatu za kwanza alikwenda kisimani na kinamama, akachota, akabeba. Kamati ya maji aliyoiacha ipo mpaka leo na inakusanya fedha zake yenyewe. Sijui shirika lake lilimpa cheo gani. Nilipouliza habari zake niliambiwa mkataba uliisha. BintiIsaka, hapa kijijini tunajua nani alifanya nini. Tatizo ni kwamba hakuna anayetuuliza. Katika miaka yangu 8 ya utendaji hakuna shirika lililowahi kuniandikia kuniuliza habari za mhamasishaji kabla ya kumpandisha au kumwacha. Kwa nini wadhamini wanaoandikwa kwenye wasifu wawe maprofesa na mameneja tu?

#21 Mshauri wa Ajira (Jumatano, saa 2:40 asubuhi)

Mtendaji, hili la udhamini ni jambo la kutekelezeka kesho asubuhi. Mwombaji yeyote anaweza kumwandika mtendaji au mwenyekiti wa kijiji kuwa mdhamini wake, hakuna sheria inayokataza.

#22 Kalamu ya Mradi (Jumatano, saa 2:55 asubuhi)

Hakuna sheria, lakini mwajiri atampigia nani kwanza?

#23 BintiIsaka (Jumatano, saa 3:30 usiku)

Nimesoma kila neno, na nawashukuru wote.

Mshauri, nimeangalia NSSF: kati ya miezi 36 nimechangiwa miezi 14. Miaka ya mwanzo niliandikwa kuwa mtu wa kujitolea, kwa hiyo fao silipati. Mama Wawili, nimekuelewa, na nimeliandika mahali pangu. Mzee, nimetuma maombi serikalini, ingawa Redio ya Mbao amenitia wasiwasi kwamba ngazi yako haikuwa na kipandio cha chini.

Meneja wa Kanda, nakushukuru zaidi kwa kusema habari za laki 4. Nami niliwahi kumlipa mama aliyetupikia bila stakabadhi, shilingi 12,000, nikazificha chini ya mstari wa nauli. Nilidhani ni mimi peke yangu.

Kuna kitu sikukiandika mwanzoni. Kwenye usaili waliniuliza nitaje mafanikio yangu makubwa, nikataja idadi: wasichana 214, vikundi 9. Sikutaja kwamba mmoja aliacha kuja wiki ya sita, nikamfuata kwao, nikakuta ng'ombe wameshafika, nikakaa na baba yake kuanzia saa 10 jioni hadi giza lilipoingia, na ng'ombe wakarudishwa. Niliona aibu kulitaja kwa sababu ni msichana mmoja, na fomu yao ilikuwa na nafasi ya tarakimu. Kalamu, naomba msaada wako. Nataka kujifunza kuandika taarifa. Naweza kuanza na hiyo?

#24 Kalamu ya Mradi (Jumatano, saa 4:05 usiku)

Anza na hiyo. Iandike kwa Kiswahili kwanza, yote, pamoja na saa uliyofika, alichosema baba, na ng'ombe walikuwa wangapi. Usiifupishe kwa ajili yangu. Tafsiri tutaifanya pamoja mstari kwa mstari, na juu kabisa utaweka jina lako.

#25 Mtendaji wa Kijiji (Jumatano, saa 4:12 usiku)

Na mtendaji wa kijiji kile bado yuko? Mtafute. Kama aliwaona ng'ombe wakirudi, asaini chini.